Mafuriko ya Gerezani na Kadi za Mchango

Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, Kariakoo kuliingia kila kitu, mpaka kompyuta kuukuu za Dubai. Tajiri wetu, mzee wa Kihindu mwenye duka la kuchapa na fotokopi nilikoajiriwa, alinunua nne, akaziunganisha kwa waya. Ndizo wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa chuo kikuu, alizoziomba Jumamosi moja asubuhi.

Nitaeleza kama nilivyoelewa, na sina hakika nilielewa. Alikuwa na milinganyo ya jinsi maji ya mvua yanavyosambaa ardhini, akataka kuyaona yakijaa mtaa wa Gerezani ndani ya kompyuta. Ila programu ya kukokotoa hakuiandika yeye. Aliandika mlinganyo kama ulivyo kitabuni, kwa herufi zake, halafu programu aliyoitunga ndiyo ikaandika programu nyingine, ndefu ajabu, ya kugawa kazi kwa kompyuta zote nne.

"Kwa hiyo umeajiri mtumishi akuajirie watumishi," nikamwambia.

"Wivu huo, wifi. Kaka yangu hajakuwekea hata mmoja."

Mwalimu wake angekuja saa nane mchana. Asiporidhika, wifi angeiacha njia hiyo na kuandika yote kwa mkono, yaani mwaka mwingine chuoni. Hilo hakulifanyia utani.

Kazi ilienda vizuri mpaka akaingia mama mmoja wa Kichaga, muuza jumla wa mtaa wa pili, anataka kadi za mchango wa harusi. Kwa tajiri wetu mteja wa kwanza harudishwi. Akirudishwa, siku nzima imeharibika. Tajiri akamkaribisha mama kwenye kompyuta ya pili, akaifunga kazi aliyoikuta wazi kwenye kioo, wakaanza kuchagua maua.

Zile tatu nyingine zikasimama.

"Zimekufa?" nikauliza.

"Hazijafa. Zinamngoja jirani," wifi akasema. Kila kompyuta ilikuwa na kipande chake cha ardhi, lakini kwa kila hatua lazima iulize za pembeni: kwako maji yamefika wapi mpakani? Mmoja asipojibu, wote wanangoja.

"Kama wapangaji na ufunguo wa choo," yule mama akasema bila kugeuka.

Sikujua nimlaumu nani. Duka lilikuwa la tajiri, na mama alikuwa na harusi kweli. Wifi alimtazama tajiri, akamwamkia "Shikamoo" mara ya pili asubuhi hiyo hiyo, akaketi. Akabadilisha mahali pamoja tu: badala ya nne, tatu. Akabonyeza. Programu yake ikaiandika upya ile ndefu yote, na mipaka mipya, na mama hajaamua bado waridi au yungiyungi, kompyuta tatu zikaanza kazi.

Saa nane mwalimu akaja, akayatazama maji kwenye kioo. Kisha akasema, "Nionyeshe kwa mbili."

Wifi akabadilisha tena. Tulingoja zaidi, hilo lazima niliseme. Picha ikatoka: maji yaleyale, palepale.

"Basi endelea hivyo hivyo," mwalimu akasema. "Ila huo ukingo wa kaskazini sikubaliani nao."

Mwalimu alipoondoka, wifi alinirukia shingoni akisema amesifiwa. Mimi sifa sikuisikia; nilisikia "endelea", na lile la ukingo. Sikumbishia. Mwaka wake alikuwa ameuokoa.