Simu Inamtaka Yule Mwenye Shavu

Leo simu yangu imekataa kwamba mimi ni mimi.

Jumatatu ilijisasisha, ikaniambia niache neno la siri, barua pepe nifungue kwa uso. Nikatii jioni hiyo hiyo. Nilikuwa nimetoka kurina asali, shavu la kushoto limefura kwa nyuki, jicho limefungika.

Leo uvimbe umeisha. Na barua ya kazi imo ndani, mwisho wa kujibu saa sita mchana.

"Uso haujatambulika."

Nikanawa. Nikatabasamu. Wapi!

Dada yangu Mwende akatokea jikoni na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. "Simu haina makosa. Inamtafuta yule mtu wa kutisha wa Jumatatu."

Akanijaza muthokoi shavuni. "Usimeze! Funga jicho!"

Ikafunguka. Mwende akacheka mpaka akakaa chini.

Jamani, nimeitwa mahojiano! Ni kesho, kwa video, kupitia barua pepe hiyo hiyo, na kila nikiifungua inataka uso upya.

Mwende ameshaloweka muthokoi mwingine.

Sasa niambieni: wakiniuliza jina, nimeze kwanza ama nijibu hivyo hivyo?