Kibao Bila Nyumba

Wateja walimwita Tabasamu, maana miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuwaambia watu watabasamu, halafu kuwakemea kwamba picha ya pasipoti haitaki meno. Kwa kamera alikuwa moto wa kuotea mbali. Kwa kompyuta, tumsitiri tu.

Kompyuta ya studio ilikuwa mikononi mwa mkewe, na mkewe alikuwa na utaratibu wake. Mafaili yenyewe aliyaweka ndani kabisa, kwenye folda alizozipa majina ya nyumbani kwao ili asisahau: Sebuleni, Jikoni, Chumbani, Kabatini. Juu, kwenye uso wa kompyuta, aliacha njia za mkato tu, vile vijipicha vyenye kamshale pembeni. Ukibofya kimoja, kinakupeleka faili liliko.

"Hiki ni kibao cha mlangoni," alimwambia mumewe. "Kibao si nyumba, baba watoto. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Alisikia wapi! Alikuwa anafuta lenzi.

Wiki mbili kabla ya kufa, mkewe alijirekodi. Binti yao alikuwa mbali, mjamzito, daktari kamkataza safari. Mama akamwachia maneno ya kusikiliza akishajifungua, faili akaliita "La Binti". Sauti yake nyingine haikuwepo popote duniani.

Sasa binti kajifungua, mtoto ana miezi mitatu, na Jumamosi anakuja kusikiliza. Jumatano asubuhi Tabasamu akaona aibu kompyuta ikutwe shaghalabaghala. Akazama kwenye folda za ndani, akakuta kila kilichoko juu kimo na humo. "Mara mbili mbili za nini?" akajisemea, akafuta vya ndani vyote. Pipa la takataka nalo akalimwaga, si unajua mtu msafi alivyo. Akajinyoosha kama mkurugenzi, kisha akabofya La Binti aonje kidogo.

Kompyuta ikamwambia faili halipo. Je, na njia hii ya mkato ifutwe?

Akamwita fundi wa duka la pili. Fundi akahangaika mpaka mchana, jasho linamtoka.

"Mzee, umebomoa nyumba ukabakiza kibao," akasema. "Na diski yenyewe imechoka, sirudishi kitu hapa." Akamwonyesha anwani ambayo kijipicha kilikuwa kinaielekea: Nyumba, Chumbani, Kabatini. "Ilikuwa humo. Pole."

Alhamisi alipofungua studio, vijipicha vyote vilikuwa mahali pake isipokuwa La Binti. Kilikuwa kimetoka kwenye kona yake, kimesimama katikati peke yake. Akakirudisha, akaangalia anwani: Nyumba, Mlangoni.

Mkewe hakuwahi kuwa na folda ya Mlangoni.

Akampigia fundi. "Umeichezea mashine yangu?"

"Mzee, mimi nimeigusa jana nikanawa mikono. Acha utani wa kizee."

Mchana akaenda nyumbani. Kabati la mkewe, ambalo hakulifungua tangu msiba, lilikuwa wazi. Nguo zilikuwa zimesukumwa pande mbili, kama mtu kapita katikati yake.

Ijumaa anwani ilisema: Njiani. Tabasamu akachomoa waya wa spika, hata yeye hakujua kwa nini. Kutoka nyumbani hadi studio ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ila mkewe alikuwa anatembea polepole.

Jumamosi saa nane binti akaingia, mtoto begani. Baba hakungoja hata salamu.

"Mama, nimelifuta," akamwambia binti yake. "Nilidhani vile vya juu ndivyo vyenyewe."

Binti akabaki amesimama. "Lote?"

"Lote. Nisamehe, mama."

Binti akavuta kigoda, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, machozi yanamtiririka, akashika kipanya. La Binti kilikuwa katikati tena. Baba akainama kusoma anwani.

Studio, Kitini.

Kiti kilikuwa kimoja tu, cha wateja, mbele ya kitambaa cheupe, nyuma ya migongo yao.

"Usibofye," baba akasema.

"Nimesafiri siku mbili, Baba." Akabofya.

Safari hii kompyuta haikusema faili halipo. Ilikaa kimya. Waya wa spika ulikuwa unaning'inia pale pale alipouacha. Kisha nyuma yao kiti kikalia, vile kinavyolia mteja akiambiwa akae wima, na mtu akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Mwanangu," sauti ikaanza. "Hongera. Hebu nimwone."

Mtoto, aliyekuwa anatazama nyuma juu ya bega la mama yake, akanyoosha mkono.

Shingo ya Tabasamu ikaanza kugeuka yenyewe. Binti akamkamata mkono, akaung'ang'ania mpaka kucha zikaingia.

"Usigeuke, Baba," akanong'ona. "Mwache amalize."