Mashahidi wa Kasha la Umeme

Mama Bibiane hakuruhusu mchezo wa bunduki katika ukumbi wake. Kijana mgeni akiomba ule wa askari, wenyeji walianza kucheka kabla hajajibiwa, maana jibu walikuwa wamelizoea. "Ile ya bunduki siye bote tulisha kuicheza," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharagwe. "Hapa iko mupira na mutuka. Kama haupendi, mulango ni ule." Basi mgeni alicheza mpira au alikimbiza magari, na kesho yake akarudi.

Alikuwa mwanamke wa umbo pana, mwenye sauti ya sokoni, na moyo ambao Mungu hakuufinyanga kwa haraka. Alizaliwa Epulu, ambako baba yake aliwapikia wafanyakazi wa hifadhi ya okapi. Mumewe, dereva wa lori la Niania, alimleta Bunia, kisha maradhi yakamchukua. Vita vilipofika, Mama Bibiane alikimbilia Beni na godoro kichwani. Aliporudi alikuta nyumba haina bati wala mlango. Mwingine angekaa chini ahesabu machungu yake. Yeye alikanda unga, akauza mikate, akaezeka upya, na chumba cha mbele akakigeuza ukumbi wa michezo ya kompyuta, kwa kuwa aliamini kijana asiye na pa kukaa hutafutiwa mahali na watu wabaya.

Miaka ile Bunia ilikuwa na amani ya kushikwa kwa vidole viwili. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini, lakini hapakuwa na mama aliyelala bila kujua viatu vya watoto viko wapi. Na vijana wa Mama Bibiane walitoka pande zile zile mbili zilizouana. Kulikuwa na wana wa familia za wafugaji na wachuuzi waliokaa mjini tangu zamani, wakiongozwa na Aimé, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Na kulikuwa na wana wa wakulima waliofukuzwa kwao Djugu, wakapokewa na jamaa zao ng'ambo ya mto. Hao walimfuata Fabrice, ambaye alisema kidogo na kufunga magoli mengi. Hawakupendana, tusidanganyane. Lakini walikuja, na kilichowaleta ni picha ya ukutani.

Picha hiyo ilitoka kwenye kompyuta ambayo mgeni mmoja wa mradi alimwuzia Mama Bibiane alipokuwa anarudi kwao. Ndani yake mlikuwa na kadi mbili za picha, si moja, zikigawana kazi kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Projekta ilipoitupa picha ukutani, mchezaji alikuwa na kimo cha mtu, na nyasi za uwanja ungedhani zimenyeshewa asubuhi ile. Mji mzima haukuwa na nyingine ya namna hiyo.

Ubaya ulikuwa katika kasha la umeme, lile sanduku la chuma lililo ndani ya kompyuta, linalopokea umeme na kuugawia kila kiungo. Bunia huliita alimentation. Kasha la asili liliungua siku umeme wa mji uliporudi kwa hasira. Mama akahamia umeme wa jenereta ya uani, akanunua na kasha jingine haraka haraka, la kompyuta ya ofisi, na hilo lilikuwa na tabia moja ya aibu. Kadi zote mbili zilipoanza kufanya kazi kweli kweli, uwanja umejaa na mpira unakaribia goli, lilikata tamaa na kuzima kila kitu.

Jumapili moja lilizima Aimé akiwa uso kwa uso na kipa wa Fabrice. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane, kwa hiyo giza likawa giza. "Wao ndio wamevuta waya," mtu akasema. Kigoda kikaruka. Vijana wakamwagika barabarani, wakaokota mawe, na hapo mambo yakatoka mikononi mwa kila mtu, kwa maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bunia ukisikia mbio huulizi, unakimbia. Maduka yakafungwa, akina mama wakaacha sufuria motoni na kubeba watoto. Kufika jioni watu walishasema kuna maiti. Ukweli ulikuwa mdomo mmoja uliopasuka, tena wa kijana aliyejigonga mwenyewe mlangoni.

Kesho yake akaja Muzee Hubert, mkuu wa barabara ile, kofia mkononi. "Mama Bibiane, mi nakuheshimu," alisema. "Lakini ile masini ikizimika tena na batoto bapigane, nafunga hapa. Sitaki batu bakufe juu ya goli." Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa amekosea. Mama alilijua hilo, na ndilo lililomuuma. Ukumbi ukifungwa, vijana wale wangerudi kila mmoja kwao, wakalishwe maneno yale yale ya zamani, na wasionane tena ila kwa mbali.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Toa kadi moja, walimwambia, hata kasha dhaifu litatosha. Akajaribu. Picha ikawa inakatakata, wachezaji wakaruka kama panzi, na ili kasoro zisionekane sana ikabidi projekta isogezwe mpaka picha ikalingana na televisheni. Vijana wakatazama kidogo, wakaanza kuaga. Mama akairudisha kadi siku ile ile.

"Televisheni kila mutu iko nayo kwabo," alimwambia jirani yake Paluku, Mnande wa Butembo, fundi wa umeme wa magari. "Picha kidogo, kila mutu anabakia na bandugu yake. Mi nataka ile kubwa."

Kuuliza si ujinga, na Mama Bibiane aliuliza kila mtu aliyepita na kompyuta begani. Wengine walimcheka, mama wa mikate na mambo ya volti wapi na wapi. Alicheka nao, kisha akauliza tena. Mwishowe akaelewa kwamba ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa kasha si ya kuiamini kwa macho, kwa kuwa wengine huandika tu ili wauze. Cha kuangalia ni umeme wa volti kumi na mbili unaopita kwenye nyaya za njano, maana ndio unaolisha kadi za picha. Aliposema volti kumi na mbili, Paluku akaweka bisibisi chini.

"Mama, ile si courant ya mutuka? Ampoule ya mbele inakula ile ile."

Wakakaa wakapiga hesabu pamoja. Kadi mbili na ubongo wa mashine, vikifanya kazi kwa nguvu zote, vilikula umeme kama taa tisa za mbele za gari. Basi kasha litakaloziwasha taa kumi bila kuchoka litabeba na mashine. Mama akafurahi mpaka akampigia Paluku makofi.

Dukani kwa Alexis, mwuza vipuri vya kompyuta, kulikuwa na makasha mawili yenye mikia ya nyaya ya kutosha kulisha kadi mbili. La kwanza lilikuwa jipya, jeusi, lenye taa za buluu, limeandikwa wati elfu moja. La pili lilikuwa la kijivu, limekwaruzika, limeandikwa mia saba na hamsini tu, na zito kama jiwe la kusagia. Alexis alisema wazi kwamba yeye huyauza yote na hajui lipi ni kweli, na kwa kuwa naye alitaka kujua, alikubali yajaribiwe.

Sasa hapa ndipo mtu humvulia kofia mama huyu. Angeweza kufanya jaribio lile na Paluku, wawili tu, akafunga kasha zuri na mambo yakaisha. Lakini Ituri mtu hanunui ng'ombe peke yake, wala kiwanja. Kila upande huleta mashahidi, wakaangalia meno, wakapima mipaka kwa miguu, na siku ugomvi ukizuka shahidi husema alichokiona, hata kikimuumiza ndugu yake. Mama Bibiane alitambua kwamba ukumbi wake una magonjwa mawili. Kasha halikuwa na nguvu, na hakuna aliyeliamini. Dukani angepata dawa ya ugonjwa wa kwanza tu.

Akawaita Aimé na Fabrice. "Kesho ninanunua alimentation," aliwaambia. "Mutakuwa batémoin. Kila mumoja alete batu yake."

Aimé akacheka. "Témoin ya alimentation, Mama? Iko ng'ombe?"

"Ng'ombe ilikuzimikia siku gani mbele ya goli?"

Asubuhi wakajaa kwenye karakana ya Paluku, kila kundi na ukuta wake. Paluku alikuwa amepanga taa zake juu ya ubao, amezifunga nyaya vizuri, anajivuna. Fabrice akaziangalia, akauliza nani alizichagua. Paluku alinuna, akauliza kama wanamwona mwizi. Lakini Mama Bibiane akasema mtoto ameuliza vema, na akaamuru kila upande ukatafute taa tano zake wenyewe. Wakatawanyika kwa wajomba wenye teksi na kwa makanika wa ng'ambo ya mto, na jua lilikuwa limeshapanda waliporudi na taa kumi zisizofanana.

Walianza na kasha jeusi. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, ya tatu, na zile taa za buluu zikawa zinacheza. Mpaka ya sita mambo yalikuwa mazuri. Ya saba ilipounganishwa, zote zikafifia, zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa. Harufu ikatoka, kisha moshi, kisha mlio mdogo kama wa punje ya hindi ikipasuka, na kasha likanyamaza moja kwa moja.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Paluku akasema, na uso wake ukarudi kuwa mchangamfu. Alexis alikuna kichwa, akalichukua kasha lake lililokufa na kuapa kulirudisha kwa aliyemletea.

Likaja la kijivu. Feni yake ilikuwa na kelele ya mzee anayekoroma. Taa saba zikawaka, nane, tisa, kumi, na hakuna iliyopepesa. Paluku hakuzizima. Mama alipika chai pale pale karakanani, ikanywewa, vikombe vikaoshwa, na taa bado zilikuwa nyeupe. Kila kijana alikuja kuweka kiganja juu ya kasha na kukuta joto la kawaida tu. Fabrice alichuchumaa, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Aimé akachuchumaa kando yake, akamwonyesha waya ambao alikuwa ameuruka. Mama Bibiane aliwaona wamekaa bega kwa bega bila kukumbuka nani ni nani, akajishughulisha na birika, kwa sababu alijua mambo mengine ukiyataja yanakimbia.

Kasha la kijivu likafungwa ndani ya mashine, na tangu hapo magoli yalifungwa hadi mwisho. Mama akapata ujasiri, akatangaza kombe. Siku ya mechi ya mwisho akamwalika Muzee Hubert mwenyewe, akamkalisha mbele. Ukumbi ulijaa hadi nje. Aimé na Fabrice wakashika vidhibiti, pumzi zikabanwa, na mchana ule ukapita kwa kelele nzuri. Aimé akawa anaongoza. Wakati ulikuwa unakwisha Fabrice alipopata mpira karibu na goli.

Picha ikapotea.

Giza likaanguka pamoja na ukimya. Mama Bibiane alikuwa amesimama mlangoni. Kila kitu alichokuwa amejenga aliona kinamwagika. Alisubiri mlio wa kigoda.

"Alimentation iko muzima," sauti ya Fabrice ikasema gizani, pole pole. "Ile tuliiona siye benyewe. Musikilize inje. Ni groupe imezima."

Wakasikiliza. Kweli, jenereta ya uani ilikuwa imenyamaza. Paluku akatoka, akarudi na kusema mafuta yana maji, aliyeuza atamjua. Mtu akalivuta blanketi la dirishani na mwanga ukaingia, na hapo wote wakaona shida iliyobaki. Mechi ilikuwa imefutika. Mashine ikiwashwa, itaanza na sifuri kwa sifuri, na upande wa Fabrice ulihitaji tu kunyamaza.

"Ilikuwa ngapi?" Muzee Hubert akauliza.

Aimé akageuka kumtazama Fabrice. Nani angemwamini mwenye kushinda?

"Deux-un, mbili kwa moja," Fabrice akasema. "Siye tulikuwa tunapigwa." Kijana mmoja nyuma yake akamvuta shati kwa hasira. Fabrice akauondoa ule mkono, akarudia kwa sauti ya kusikika na walio nje. "Tulikuwa tunapigwa, na ilibakia kidogo."

Aimé akaweka kidhibiti chini. "Ilibakia dakika tano," akasema. "Mungeweza kurudisha."

Tangu arudi kutoka Beni, Mama Bibiane alikuwa amesikia ushahidi mwingi katika mji ule, kanisani, sokoni, mbele ya mahakimu, na kila mtu alisimulia aliyotendewa na wengine. Hakuwahi kumsikia mtu akisema kweli inayouumiza upande wake mwenyewe. Aliketi pale pale kizingitini, akalia kwa sauti mbele ya Muzee Hubert na vijana wote, na hakuona haya hata kidogo.