Mbuzi Aliyevaa Shanga Zangu

Shingo yangu ndiyo ilikuwa tangazo langu. Nilipita sokoni Lodwar nimevaa mikufu kuanzia kifuani hadi kidevuni, na mteja akipenda mmoja, niliuvua nikamuuzia papo hapo. Mwaka wa 2012 mume wangu akafa. Nikavua yote, nikanyolewa, kama wajane wa kwetu wanavyofanya. Muuza shanga mwenye shingo tupu! Hata mimi nisingenunua kwangu.

Wateja nao walikuwa wamebadilika. Vijana walipita kibandani macho yakiwa kwenye simu. Wifi yangu, aliyekuwa na simu ya kamera, akasema tuwafuate huko huko. Akapanga mikufu juu ya kitenge, akapiga picha, akaiweka mtandaoni. Siku nne zikapita. Aliyeisifu ni yeye mwenyewe.

"Inataka shingo," akasema.

"Yako?"

"Mimi si nimefiwa na kaka? Umesahau?"

Tukamgeukia mbuzi mweupe aliyefungwa mlangoni, kando ya mwenzake mweusi. Huyo mweupe alikuwa wa marehemu, ametengwa achinjwe siku ya kuniondolea matanga. Tukamvika mikufu sita. Akainua kichwa kama bibi harusi anayejua gari litamngoja.

Kesho yake picha ilikuwa imefika Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, na ujumbe ukaanza kuingia. "Mama, ile ya mbuzi bado iko? Ya pili kutoka juu?"

Nikamtaka wifi awaandikie ukweli: huo wa pili mbuzi ameutafuna, uzi umelegea. Akabisha. Nikamsimamia mpaka akaandika. Watu wakacheka, wakaagiza huo huo.

Mama mkwe akatukuta siku moja tukipiga picha. Tukainamisha vichwa. Akatuzunguka polepole.

"Mgeuzeni," akasema. "Upande huo ana kupe sikioni."

Mwaka uliofuata, siku ya matanga ilipokaribia, mama mkwe aliniruhusu kuvaa shanga tena. Nikajipamba, nikapeleka mzigo Kakuma. Mteja wangu mkubwa, mama wa Sudan Kusini aliyeuza nguo kambini, aliitazama shingo yangu, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mbuzi iko wapi?"

Kudanganya sijui. "Keshokutwa tunamchinja."

Akauweka chini mkufu aliokuwa ameushika. "Sasa mimi nitanunua kwa nani?"

"Kwangu, mama. Ni mimi ninayezitunga."

"Wewe sikujui."

Nikarudi Lodwar na nusu ya mzigo, nikamweleza mama mkwe kila kitu, hata hilo la kutojulikana. Akamgeukia mbuzi mweupe. Mbuzi naye alikuwa akitafuna kona ya kitenge chetu.

"Mwanangu alimpenda kwa ukaidi huu," akasema. "Mwacheni. Huyu ana kazi. Chinjeni yule mweusi."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka machozi ya kicheko yakaja, na yale ya msiba yakafuata.

Wifi peke yake hakucheka. Yule mweusi alikuwa wake.