Mwizi Aliyekohoa Kabla ya Kuingia

Nianze kwa kukiri, maana nikichelewa nitaanza kupamba. Kazi niliyo nayo sasa, ya kusimama kando ya kitambaa cheupe na kuwaeleza watu kinachotokea kwenye picha, niliipata kwa uongo. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno matatu tu. Ukurasa huu unaousoma nimeuandika upya mara tisa, na bado naona mkono wangu haukunyooka.

Ndivyo nilivyo. Mimi ni mtu wa kurudi nyumbani kutoka nusu ya njia ili kuhakikisha nimefunga mlango ambao hauna hata kitasa. Shule niliacha mapema. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti ambayo duka la pale kwetu Ihanda lilifungia sabuni, na kwa kamusi moja iliyopoteza jalada pamoja na kurasa zote za herufi A na B. Mpaka leo maneno yanayoanza kwa herufi hizo nayakisia, na moyo unanidunda kila ninapoyakisia. Lakini mbele za watu nilikuwa natembea kama niliyeandika kamusi hiyo mwenyewe.

Gari la sinema lilikuwa linakuja kwetu baada ya mavuno ya kahawa. Lilikuwa na picha za Serikali: jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kupogoa mibuni, jinsi ya kuwafukuza mbu. Mwelezaji wa zamani alikuwa amevuka mpaka kwenda kutafuta kazi migodini Rhodesia, kwa hiyo karani wa sinema, ambaye ndiye aliyeendesha mashine, alikuwa anatafuta mtu mwingine. Karani huyu alikuwa mtu wa pwani, nadhifu, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Kinyiha, lugha yetu, hakujua hata salamu. Lijue hilo mapema, maana ndilo lililoniokoa.

Mwaka ule alikuja na picha ya ziada, aliyoazimwa na Wazungu wa ng'ambo ya mpaka. Haikuwa ya choo wala ya mbu. Ilikuwa hadithi: mwanamke mmoja, nyumba moja, na mtu mbaya anayeingia humo kumdhuru.

"Nimeionyesha mahali patatu," aliniambia huku akifuta kioo cha mashine kwa leso. "Mahali pote patatu wamecheka. Mwanamke anakaribia kuuawa, bwana mdogo, wao wanacheka! Mahali pamoja wameomba turudishe ile ya choo."

"Hawakuelezwa vizuri," nilisema.

Alinitazama kutoka miguuni, ambako hapakuwa na viatu, hadi usoni. "Haya, mjuzi. Leo Alhamisi. Utaitazama leo na kesho, peke yako, mpaka ushibe. Jumamosi ukiwafanya waogope, kazi ni yako, na Jumatatu tunashuka wote Tunduma. Wakicheka, utabaki na jembe lako."

Jembe langu nalijua. Mibuni ya baba ilikuwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kufikiri. Nilitaka kiti cha mbele cha gari lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Picha zilionyeshwa mchana ndani ya ghala la kahawa, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Nilikaa humo siku mbili na daftari. Niliitazama picha ile mara nne, na mara ya nne niliona kitu kilichonifanya nijihisi mwerevu kupita kiasi: niliona mifupa yake.

Hadithi ya namna hiyo, niliandika, haianzi na mwizi. Inaanza na nyumba. Unaonyeshwa kila chumba, kila ngazi, kila kufuli, kana kwamba unataka kupanga humo. Na katika kuonyeshwa huko, kwa bahati mbaya ya makusudi, unaona chuma cha kuchokolea moto kikiwa kimeegemea ukuta. Hiyo ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ni kuondoa. Mume anapanda treni. Mpishi anakwenda kwao. Mbwa anapewa nyama yenye sumu. Waya wa simu unakatwa. Mtungaji anampokonya mwanamke msaada wake mmoja mmoja, kama mtu anayekutoa kwenye benchi la kanisa kwa kukusukuma kidogo kidogo. Ya tatu: sisi watazamaji tunamwona mtu dirishani, mwanamke hamwoni. Ya nne: mtu anaingia. Ya tano: vyumba vinapungua. Mwanamke anatoka sebuleni anakimbilia jikoni, kutoka jikoni chumbani, kutoka chumbani ndani ya kabati, mpaka nyumba yote imekuwa na upana wa mabega yake. Ya sita ni faraja ya uongo: askari anakuja mlangoni, unashusha pumzi, kisha anaondoka zake bila kujua lolote. Ya saba: chuma cha kuchokolea moto kinarudi.

Sehemu saba. Nilizipigia mstari kwa rula. Nilifurahi kama niliyegundua dhahabu Mkwajuni, na sikujiuliza hata mara moja kama watu wa kwetu wanayo nyumba ya namna ile vichwani mwao.

Jumamosi ghala lilijaa. Mama alikaa safu ya pili amevaa kitenge cha kanisani. Mbele yake alikaa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti na ambaye hajapata kuwa na wazo akakaa nalo kimya. Karani alikuwa nyuma kwenye mashine. Tulikubaliana nieleze kwa Kiswahili kidogo, kisha kwa Kinyiha.

Nilianza na nyumba, chumba kwa chumba. "Tazameni kufuli tatu," nilisema kwa sauti ya chini, ya kutisha.

"Tatu za nini?" shangazi aliuliza. "Amefungia mbegu?"

Watu wakacheka. Nikaendelea. Mume akapanda treni, mpishi akaondoka.

"Na majirani?" akauliza mwanamke mwingine.

"Wapo. Nyumba ile pale."

"Basi si apige yowe?"

"Hawajuani," nilisema.

Ghala zima liliguna kwa huruma. "Amewakosea nini masikini," shangazi alisema, "mpaka hawajuani naye?"

Hapo nilipaswa kutambua kwamba sehemu ya pili imekufa. Kuondoa msaada kunatisha pale ambapo msaada unaweza kuondolewa. Kwetu, ili mwanamke abaki peke yake mtungaji angelazimika kuua kijiji kizima, na picha ingechukua mwaka. Lakini mimi nilikuwa na daftari. Nilifungua ukurasa uliofuata.

Mtu mbaya alitokea dirishani. Alikuwa mzee kidogo, mwenye koti refu. Aliizunguka nyumba polepole bila kupiga hodi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua kofia, akasimama kwenye ujia. Kisha akakohoa.

Kikohozi kile kwenye picha kiliwekwa ili damu ya Mzungu igande. Ni kikohozi kikavu, cha mtu asiye na haraka. Mwanamke alikisikia, akaruka, akajifunika kichwa kwa shali, akakimbia.

Shangazi alisimama. Kivuli cha kilemba chake kilifunika nusu ya nyumba ya Mzungu.

"Lo! Ni mkwewe!"

Msomaji wa mbali huenda asijue, kwa hiyo naeleza. Kwetu mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, hakai naye chumba kimoja. Mzee mwenye adabu, akitaka kupita karibu na jiko la mke wa mwanawe, hukohoa kwanza, ili binti apate nafasi ya kujificha. Binti mwenye adabu, akisikia kikohozi, hujifunika na kukimbia. Picha ilikuwa imefanya hayo yote, moja baada ya jingine, bila kukosea hata kidogo.

"Hapana!" nilisema. "Huyu ni mwizi."

"Mwizi gani anakohoa?" mzee mmoja wa kanisa aliuliza. "Tena amevua kofia."

"Amekuja kumuua!"

"Mwanangu," shangazi alinijibu kwa upole wa kumwonea mtu aibu, "umesoma magazeti ya sabuni, hongera. Lakini wewe umeoa lini hata ujue habari za wakwe?"

Kicheko kilipasua ghala. Kutoka nyuma karani alininyooshea kidole, kisha akafanya kwa mikono miwili ishara ya mtu anayelima.

Kuanzia hapo sehemu zangu saba ziliendelea kutokea kwa mpangilio mzuri kabisa, na kila moja ilinitukana. Mwanamke alipokimbia kutoka chumba hadi chumba, kina mama walimpigia vigelegele kwa kulelewa vizuri. Mtu mbaya alipofungua kabati la jikoni akala nyama baridi akiwa amesimama, walimhurumia. "Maskini, amejipakulia mwenyewe," alisema mmoja. "Na huyo mwanawe amepanda treni siku baba yake anakuja kumtembelea! Watoto wa siku hizi." Alipotoa kisu, nilipiga kelele, "Mnaona? Kisu!" Na shangazi akasema, "Si anatafuta kuku wa kuchinja? Nani atamchinjia?"

Mwanamke akaingia kabatini. "Adabu hiyo," ghala lilisema.

Askari alipokuja mlangoni, mwanamke alitoka kabatini kumfungulia, na akitishwa kwa kisu kutoka nyuma ya mlango, alitabasamu na kusema hakuna neno. Niliwaeleza tishio lile mara mbili, kwa lugha mbili, sauti ikinikatika kama ya jogoo mchanga. Hawakunisikia. Walikuwa wanamsifu kwa kutompeleka mkwewe kwa askari.

Nilishusha daftari. Nilimtazama mama, naye akatazama magoti yake, kama anavyofanya mtu kanisani akimwombea mwanawe afike mwisho wa somo bila kuanguka.

Hapo ndipo nilipokumbuka sehemu ya saba.

Chuma cha kuchokolea moto. Dakika mbili hivi, na mwanamke angekishika na kumpiga nacho mtu yule kichwani. Kama ni mwizi, watu wangepiga makofi na kwenda nyumbani kula. Lakini kama si mwizi? Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kitakachotokea ndani ya ghala lile iwapo mwanamke, baada ya adabu yote ile, baada ya kujifunika na kukimbia na kumficha mbele ya askari, angemrukia baba wa mume wake na chuma.

Nilikuwa na nafasi moja zaidi ya kusema kweli. Mimi, niliyefuta ukurasa mzima kwa sababu ya nukta iliyoenda upande, nilishika kipaza sauti, nikasema kwa Kinyiha kile ambacho kwa Kiswahili ni maneno matatu:

"Ni baba mkwe."

"Si nilisema?" shangazi aliwageukia wenzake, ameridhika.

Na mwanamke akanyoosha mkono, akakishika chuma.

Sauti pekee ilikuwa ya mashine. Chuma kilipanda. Mtu fulani alisema polepole, "Usifanye hivyo, binti." Kilishuka. Kina mama walijifunika nyuso kwa vitenge, wote kwa pamoja, kana kwamba wameamrishwa. Mzee wa kanisa alisimama, akachukua fimbo yake, akatoka nje bila kuaga. Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Kwenye picha mwanamke alikuwa analia kwa furaha, muziki ukipanda juu. Ndani ya ghala watu walikuwa wanamtazama kama mtu asiyezikwa na wenzake.

Taa ilipowashwa walitoka bila kusukumana. Karani alinijia mbio.

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaeleza muundo," nilisema. "Una sehemu saba."

"Sijapata kuona," alisema. "Kule kwingine walikuwa wanakula karanga! Jumatatu alfajiri uwe hapa. Na utafute viatu."

Nilitamani kufurahi. Nilifurahi pia, sitadanganya mara mbili katika ukurasa mmoja. Lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyeshinda mtihani kwa karatasi ya jirani. Mtungaji wa picha hakuwapata. Mwizi wake hakumtisha mtu hata mmoja, na shangazi ndiye aliyeleta hofu yote kutoka nyumbani. Mimi nilifungua mlango tu.

Tulitembea na mama kurudi nyumbani. Tulivuka kijito. Kisha akauliza, "Yule mzee alikufa?"

"Alikufa, mama."

"Na mume aliporudi na treni?"

Picha haikuonyesha. Nilifikiri kumwambia yote: kwamba ni mwizi, kwamba shangazi alikosea, kwamba mwanao ni mwongo mwenye rula. Badala yake nilisema sijui.

Jumapili alinifungia viazi na kuku kwenye jani la mgomba kwa safari. Alinipa na viatu vya baba, vilivyonizidi kidole kimoja. Aliponikabidhi kifurushi hakukiachilia mara moja.

"Huko Tunduma," alisema, "wapo mabinti walioolewa juzi. Ukifika pale pa chuma, waambie yule mwanamke alikuwa mgonjwa wa kichwa. Tangu utotoni. Wasije wakafikiri ndivyo watu wanavyofundishwa."

"Mama, kwenye picha hakuna—"

"Waambie."

Nilichukua daftari. Mistari yangu saba ilikuwa imenyooka vizuri, na chini ya wa saba palibaki nafasi ndogo. Niliandika maneno ya mama hapo, bila rula. Nimeshaionyesha picha ile Tunduma, Chapwa na kwingine nisikokumbuka, na kila mahali, chuma kinapopanda, nasema mwanamke huyu amekuwa mgonjwa tangu utotoni, na kina mama wananishukuru.