Kwepa Misumari

Qiu Delin alifunga mifagio ya mabua ya mtama maisha yake yote, na mkewe Suying akimkatia kamba. Mtoto wao wa pekee walimzika angali mchanga. Basi Suying alipoona siku zake zimekwisha, aliomba jambo moja tu.

"Wakigonga misumari, niite wewe. Usiniache nikachomwa."

Kijijini kwao, jimboni Shandong, Uchina, jeneza likipigiliwa, mwana humpigia mama yake kelele: kwepa! Asiyeitwa, roho yake hupigiliwa humo humo.

"Nitakuita," Qiu alisema. "Sauti ninayo. Nina kingine gani?"

Ila jeneza halifungwi mpaka ndugu wa marehemu aridhike. Akaja Meng Changgui, kaka wa Suying, ambaye ugonjwa mzima hakuleta hata yai. Akachungulia jenezani.

"Shemeji, dada yangu unamzika na viatu vya kitambaa?"

"Kavishona mwenyewe. Alivitaka."

"Maiti hana mdomo, unamsemea utakalo. Piga ketou."

Husemwa Wazungu walilichukua neno hilo, na kwao ni kujipendekeza kwa wakubwa. Pale uani ni magoti chini, paji la uso udongoni, ugonge, wala usiinue kichwa mpaka uambiwe inuka. Ni kazi ya mwana, si ya mume. Mwana hayupo. Qiu akapiga magoti, akagonga.

"Sijasikia," Meng alisema.

Akagonga tena.

"Mifagio imekuzoesha kupapasa vumbi. Gonga kama mtu aliyefiwa!"

Watu wakacheka, kisha wakatazama pembeni. Qiu akagonga mpaka damu ikamwingia machoni, masikio yakavuma. Meng hakusema inuka. Aliwasha sigara, akaivuta ikaisha, ndipo akamwashiria seremala kwa kidevu.

Qiu alizisikia nyundo. Alidhani ni kichwa chake.

"Haya inuka, shemeji. Tumemaliza."

Akainuka. Misumari yote imezama.

"Suying, kwepa!"

"Sasa akwepee wapi?" Meng alisema, akauliza supu iko wapi.

Tangu siku ile, jirani akipigilia hata kigingi cha mbuzi, Qiu huangusha mfagio akapiga kelele. Watoto wa kijiji wamekwishalijua hilo. Huja na mawe, wakagonga mlango wake, wakangoja.