Chunjua ya Simba wa Getini

Fundi wa mabango alikuwa hajawahi kumwona simba siku alipopewa kazi ya kumchora. Alikuwa ameona ng'ombe, mbuzi, paka wa jirani, na nyani mmoja aliyeingia sokoni akaiba kofia ya polisi. Kazi yake ilikuwa herufi. Kinyozi. Saa zinatengenezwa hapa. Nyumba hii haiuzwi. Kwa herufi hakuwa na mpinzani mji mzima. R yake ilisimama mguu mbele kama askari kwenye gwaride. Lakini hifadhi ya wanyama ilikuwa inafunguliwa Jumamosi, na Jumatano ofisi ikagundua kwamba geti halina ubao.

"Andika 'Karibuni'," karani akamwambia. "Na uweke simba."

"Simba yupi?"

"Simba, fundi! Unadhani wana majina?"

Alipoomba picha ya kuiga, alipewa stempu iliyobanduliwa kwenye bahasha. Mwili wa simba ulionekana vizuri: mkia, miguu, hata nyasi alizozikanyaga. Kichwa chote kilikuwa kimepigwa muhuri wa posta, cheusi tii.

Ijumaa alasiri fundi alikuwa juu ya ngazi. Mwili umekamilika, manyoya ya shingo yameumuka, na katikati yake pana uwazi mweupe wa ukubwa wa sinia. Rangi inakauka koponi. Akafumba macho, akajiuliza: katika maisha yangu, nimewahi kuogopa sura gani? Jibu lilifika kabla swali halijaisha.

Miezi mitatu nyuma alikuwa amekwenda kuposa. Baba wa msichana alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali, mtu ambaye akiingia dukani mizani hujinyoosha yenyewe na muuza sukari hukumbuka kusali. Alikuwa na unyusi mmoja uliopanda kuliko mwenzake, sharubu zilizoinama pembeni, mikunjo miwili kati ya macho, na chunjua moja shavuni. Alimtazama mposaji kuanzia viatuni mpaka kichwani, akarudi tena mpaka viatuni, kama anayetafuta mahali uzito ulipoibwa. Kisha akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyeandika 'Usikojoe hapa' kwenye ukuta wa ofisi yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Bado wanakojoa."

Binti alitolewa, kwa sababu mama yake alikuwa ameshasema ndiyo, na mama yule akisema hapakuwa na rufaa. Lakini hata baada ya harusi baba mkwe hakumwita mkwewe kwa neno lolote isipokuwa "fundi". Si mwanangu, si kijana, hata watoto walipokuja kuzaliwa baadaye si baba watoto. Fundi, kama mtu anayemwita wa kuziba paa.

Basi ile Ijumaa, juu ya ngazi, mkono ulikwenda wenyewe. Unyusi, sharubu, mikunjo. Na chunjua. Kwa chunjua hakuwa na la kujitetea mbele ya Mungu wala watu. Simba hana chunjua.

Jumamosi kitambaa kilichofunika ubao kilipovutwa, mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. Alishika kiuno, akaketi chini barabarani na gauni lake jipya, akacheka mpaka akapepewa. "Baba wee! Wamekutundika!"

Mkaguzi alivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo hakupita getini tena. Akienda kanisani alizunguka nyuma ya kiwanda cha mbao, mwendo wa nusu saa zaidi, akifika na vumbi mpaka magotini.

Kama mambo yangeishia kwenye ubao, pengine angesahau. Lakini wageni walimpenda yule simba. Walisema ana utu. Hifadhi ikamfanya nembo yake: akawekwa kwenye tiketi, kwenye kofia za askari, kwenye milango ya magari, na kwenye mlango wa choo cha wageni, upande wa wanaume. Wageni walimsimamisha mzee mjini wakaomba kupiga naye picha. Watoto wa shule ya Jumapili walimwamkia, "Shikamoo, Simba," wakakimbia kabla hajaitika. Alipomlalamikia mchungaji kwamba mzee wa kanisa hawezi kuwa mnyama getini, mchungaji akajaribu kumfariji: "Mzee wangu, hata Bwana wetu ameitwa Simba wa Yuda."

"Hakuchorewa mkia," mzee akajibu, akachukua kofia yake.

Ikapita miaka ishirini na miwili. Mama mkwe alitangulia mbele ya haki, akicheka habari ile mpaka wiki yake ya mwisho. Mkaguzi akastaafu, akazeeka, moyo ukaanza kuchoka. Siku daktari alipomwambia ajiandae kwa neema ya Mungu, alimtuma binti yake amwite mumewe.

"Baba anakuita," mke akamwambia fundi, aliyekuwa anaosha brashi uani. "Vaa shati safi. Na huo mdomo wako, mume wangu, uuache hapa hapa."

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, unyusi ule ule juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi. Keti. Sikukuita nikutukane, pumzi yenyewe sina." Akavuta pumzi. "Ninakwenda kwa Muumba wangu. Nataka nikifika niwe mtu. Sitaki huku nahesabiwa matendo yangu, kule nimebaki getini nimetoa ulimi."

"Ulimi sikuuchora, baba."

"Nifute!"

Fundi alitoka pale na kitu kimoja tu moyoni. Miaka yote hiyo alikuwa amesubiri neno moja kutoka kinywani mwa mzee yule, na sasa aliona njia ya kulipata kabla kinywa hakijafungwa. Akachukua ngazi, msasa na kopo la rangi nyeupe, akaenda moja kwa moja kwa mhifadhi mkuu kuomba ruhusa.

Mhifadhi alikuwa mtu mnene, mpole, mpenzi wa mafaili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia, akaitazama nembo iliyokuwa mbele yake.

"Huyu? Tumfute huyu? Fundi, huyu ni mali ya hifadhi. Ana namba."

"Lakini ni baba mkwe wangu."

"Hiyo ni kauli yako. Kwenye kumbukumbu zetu ni simba." Akafungua faili. "Kumwondoa kuna sababu moja tu inayokubalika: nembo kutofanana na mnyama. Na hilo huthibitishwa na kamati, yaani mimi na dereva wangu, kwa macho, porini. Kielelezo cha kwanza ni ubao. Cha pili ni simba. Cha tatu…" Akatafuna kalamu. "Tutamhitaji mzee mwenyewe."

Hivyo ndivyo mtu aliyelikwepa geti kwa miaka ishirini na miwili alivyovalishwa suti yake ya ukaguzi asubuhi ya Jumanne, akaketishwa kwenye gari la hifadhi, pembeni ya dirisha, akiwa kielelezo cha tatu. Mlango wa gari ulikuwa na sura yake. Askari dereva alikuwa nayo kofiani. Fundi alikaa nyuma na dawa za moyo mapajani, akiomba kimyakimya simba apatikane, awe mzuri, awe tofauti, aonekane haraka.

Getini karani wa tiketi alichungulia ndani ya gari. "Huyu mzee naye ni mgeni? Tiketi yake iko wapi?"

Mzee aligeuza uso taratibu. Karani akaitazama tiketi aliyoishika, akautazama uso, akaitazama tena tiketi. Akasimama wima, akapiga saluti, akainua kizuizi.

Hifadhi ilifunguka mbele yao kama shuka lililotandikwa na mtu asiye na haraka: nyasi za rangi ya dhahabu hadi miguuni mwa vilima, vilima vya buluu hadi kwenye mawingu, na upepo ukipita juu ya yote. Fundi, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka kizuizi kile, alisahau shida yake kwa muda. Alijisemea kwamba Mungu hakubania rangi.

Mzee yeye alianza kazi. Miaka thelathini ya ukaguzi haiachwi nyumbani na kandambili. Walipokuta punda milia kando ya barabara, akaamuru gari lisimame.

"Mistari ya kulia hailingani na ya kushoto."

"Ndivyo walivyo, mzee," mhifadhi akasema.

"Ndivyo walivyoachwa." Mbele kidogo, twiga. "Shingo hii ilipimwa na nani?" Kwenye dimbwi, kiboko akapumua, maji yakaruka. "Huyu amezidishiwa. Kuna mtu huko amepunjwa."

Mhifadhi, kwa mazoea tu, akawa anayaandika yote.

Saa nne kasoro wakampata simba. Dereva alizima gari, akanong'ona, "Yule pale, chini ya kichaka."

Simba alikuwa amelala chali. Miguu yote minne juu, tumbo wazi kwa jua, mdomo umeachama, inzi wanaingia na kutoka kama watu wenye shughuli zao. Pembeni majike watatu walikuwa wanaburuta nyama, wanahema, wametapakaa vumbi. Mmoja aliiweka mbele yake. Simba akafungua jicho moja, akajikuna, akalala.

Kisha mzee akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Ndiye huyo?"

"Ndiye, baba," fundi akasema.

"Ana homa?"

"Hapana, mzee," dereva akajibu. "Ndiyo maisha yake. Kwa siku analala saa ishirini. Wake zake ndio wanaowinda zaidi. Chakula kikija, yeye anaanza."

"Anaanza," mzee akarudia. Unyusi ukapanda mpaka mahali ambapo fundi hakuwahi kuuona. "Na mnaniambia watu wanapanda ndege kuja kumtazama huyu?"

Kabla mtu hajamzuia alikuwa ameteremsha kioo. "Mzee, hairuhusiwi!" dereva akanong'ona. Fundi akamshika koti. Haikusaidia kitu.

"WEWE!" Ilikuwa ile sauti ya dukani, ile iliyonyoosha mizani. "Amka hapo! Saa nne ya mchana hii! Mwanaume mzima, mke anaburuta nyama na wewe umelala kama gunia la mkaa! Huoni aibu? Funga mdomo!"

Simba alifunga mdomo.

Wote garini waliona, na mhifadhi aliandika. Mnyama yule alijigeuza, akasimama, akatingisha manyoya, akamtazama mzee. Walitazamana, Mungu ni shahidi, kiasi cha kusema Baba Yetu mara mbili. Kisha simba akainamisha kichwa, akaanza kuondoka pole pole kuelekea kwenye nyasi ndefu, akigeuka nyuma kila hatua kadhaa, kama muuza sukari aliyekutwa na jiwe la uongo kwenye mizani.

"Na nyama umeiacha!" mzee akampigia kelele. "Angalau hilo."

Dereva alijaribu ufunguo mara tatu kabla haujaingia. Mhifadhi akakohoa. "Basi, kamati imeona. Kwa uso, kwa tabia na kwa… kwa msimamo, simba hafanani na nembo. Fundi, unaweza kufuta."

"Nani afute?" mzee akauliza. Alikuwa anahema, lakini macho yalikuwa ya kijana. "Ubao una kosa gani? Ubao uko sawa. Aliye kwenye ubao yuko macho, amesimama, analinda geti lake mvua na jua. Andika hivi, mhifadhi: mwenye kasoro ni yule aliyelala. Arekebishwe yeye." Akaegemea kiti, akafumba macho. "Mwanangu, funga kioo hicho. Vumbi."

Fundi alifunga kioo. Kilimchukua muda mrefu, maana hakukiona vizuri. Mhifadhi alidhani ni vumbi pia.

Waliporudi getini, mzee aliomba ashushwe. Aliuendea ubao kwa fimbo yake, akasimama chini yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kitambaa. Aliukagua kuanzia miguu mpaka kichwa, akarudi tena mpaka miguu. Fundi alisimama nyuma yake na mapigo ya moyo ya siku ya posa.

"Chunjua umeiweka shavu la kushoto. Yangu iko kulia."

"Nilikuwa naogopa kukutazama, baba. Nilichanganya."

"Lete ngazi."

Fundi alipanda, akaifuta ya kushoto, akachora ya kulia, huku mzee akimwelekeza kwa fimbo: juu kidogo, si hapo, usiikuze. Alipokwisha, mzee akaomba brashi. Akainama kwenye pembe ya chini ya ubao, pale mkono wake ulipofika, na kwa herufi zilizotetemeka, ambazo fundi angeona haya kuziandika kwenye banda la kuku, akaandika: Imekaguliwa.

Mzee alilala usingizi wa mauti wiki tatu baadaye, asubuhi, baada ya sala, akiwa mtu. Kwenye mazishi askari wa hifadhi walikuja wamevaa kofia zao, na mchungaji alipata taabu kuhubiri, kwa sababu kila alipoinua macho alimwona marehemu mara kumi na mbili, zote chunjua kushoto. Kofia hizo hazijabadilishwa mpaka leo. Faili la kuzibadilisha bado liko mezani kwa mhifadhi.

Lakini ubao wa getini uko sahihi. Kila mwaka kabla ya mvua fundi hupanda na msasa wake, akahuisha manyoya, macho, sharubu. Akifika usoni husema kwanza, "Shikamoo, baba," na karani wa tiketi amezoea, hashangai tena. Lile neno la pembeni hajawahi kuligusa. Jua limelila, herufi ya mwanzo karibu imekwisha. Mhifadhi alishamsihi alipitie walau kidogo kwa brashi, na fundi humjibu kwamba yeye ni wa rangi tu, hana mamlaka ya kukagua.